Jina Likishaingia Kwenye Orodha

Ndugu mwenyekiti, maofisa wa polisi mliopo, mawakili, wanafunzi, mabibi na mabwana. Nashukuru kwa kunipa jukwaa hili. Kazi yangu ni takwimu. Sijawahi kuvaa sare wala kumtetea mtu mahakamani, kwa hiyo nitakaa kwenye ninachokijua. Nitazungumzia orodha za wahalifu sugu: zinavyotengenezwa, watu wanavyoingizwa, na jambo ambalo halisemwi vya kutosha, yaani watu wanavyotoka.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Wauzaji wa programu za kompyuta za polisi wanatuambia hakuna haja ya kuzingoja zote arobaini. Leteni rekodi zenu, wanasema, za waliokamatwa, za simu za dharura, za magenge, nasi tutawapa majina ya wachache wanaowasumbua kuliko wengine wote. Wabaneni hao, uhalifu utashuka. Nitaanza kwa kuitetea hoja hiyo, kwa sababu nimekaa katika mijadala mingi ambamo wanaoipinga hawakuwahi kuisikiliza hadi mwisho.

Mwaka 1972, Marvin Wolfgang na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya vijana wa kiume 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kukulia katika jiji la Philadelphia, Marekani. Walipekua rekodi zao za polisi hadi walipofika umri wa miaka 18. Vijana 627 tu, asilimia 6 ya wote, ndio waliohusishwa na zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyorekodiwa. Matokeo ya namna hiyo yamejirudia kwingi. Mwaka 2014 Andrew Papachristos na Christopher Wildeman waliandika juu ya eneo moja la Chicago, baada ya kuchora ramani ya nani alikamatwa pamoja na nani. Asilimia 41 ya mauaji ya bunduki katika eneo hilo yaliangukia ndani ya mtandao wa watu wasiofika asilimia 4 ya wakazi.

Kwa hiyo anayelalamika kwamba polisi wanawaandama wachache ajue kuwa damu yenyewe inamwagika miongoni mwa wachache. Wakazi wa mitaa hiyo walilijua hilo kabla ya mtafiti yeyote kufungua kompyuta yake, maana wao ndio wanaozika.

Na kuna ushahidi kwamba kuwaelekea hao wachache kunaweza kuzaa matunda. Huko huko Philadelphia, polisi walikubali jambo ambalo idara nyingi hulikwepa: jaribio la kweli, lenye maeneo yaliyopangwa kwa bahati nasibu. Baadhi ya maeneo yenye ghasia yalipewa doria za miguu. Mengine yakapewa mbinu ya kushughulikia chanzo cha kero za mahali. Katika kundi la tatu, askari walielekezwa kwa watu wanaorudia makosa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kundi la tatu ndilo lililotia fora: uhalifu wa kutumia nguvu ulikuwa chini kwa asilimia 42 ukilinganisha na maeneo ambayo hayakupewa mbinu hiyo, na zile mbinu mbili nyingine hazikuonyesha tofauti ya maana. Mimi ni mtu wa takwimu. Siwezi kuyaficha matokeo ya jaribio zuri eti kwa sababu hayanipendezi.

Basi ugomvi wangu uko wapi?

Rudini kwa wale vijana 627. Walijulikana lini? Walijulikana baada ya mambo kwisha. Mtafiti aliyesimama mwaka 1963, walipotimiza miaka 18, na kutazama nyuma, aliwaona wazi. Lakini askari aliyesimama mwaka 1957, vijana hao wakiwa na miaka 12, aliona kundi kubwa la watoto watukutu ambao wengi wao wangeacha utukutu wenyewe. Kusema kwamba wachache wanafanya mengi ni jambo moja. Kusema kwamba nawajua wachache hao leo, kabla hawajafanya, ni jambo jingine kabisa, na mauzo yote ya programu hizi yamekaa juu ya kuyachanganya mambo hayo mawili.

Niruhusuni nifanye hesabu moja, ya mfano tu. Chukueni watu 100,000, na tuseme kati yao 100 watampiga mtu risasi mwaka huu. Tuna chombo hodari kinachowanasa 90 kati ya hao 100, na katika kila watu 100 wasio na hatia kinawakosea 10 tu. Mnasikia vizuri? Ni chombo bora kuliko vyote ninavyovijua. Sasa hesabuni. Kitawanasa wahusika 90, na pamoja nao watu 9,990 ambao hawatampiga mtu yeyote risasi. Orodha itakuwa na majina 10,080, na katika kila majina 100, hata moja kamili halipatikani. Chombo hakina kasoro yoyote hapo. Tatizo ni kwamba tendo tunalolitafuta ni adimu, na ukitafuta kitu adimu katika umati, utawashika zaidi wasiohusika.

Chicago walikuja kuona jambo hilo kwa macho. Polisi wa huko walianza na orodha fupi, ambayo magazeti yaliiita orodha ya moto. Jaribio la mwaka 2013 lilikuwa na watu 426. Watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walipolitathmini, katika ripoti ya mwaka 2016, walikuta kwamba waliomo kwenye orodha hawakuwa na tofauti na wenzao wanaofanana nao katika uwezekano wa kuuawa au kupigwa risasi, ilhali kuwaepusha na hilo ndilo lililokuwa lengo. Walichotofautiana nacho ni kukamatwa kwa tuhuma za kupiga watu risasi. Yaani orodha iliwapa wapelelezi mahali pa kuanzia kutafuta mshukiwa. Haikumwokoa mtu.

Kisha ikanenepa. Takwimu zilizotolewa kwa umma mwaka 2017 zilikuwa na watu karibu 400,000, kila mmoja na alama yake kati ya 0 na 500. Jiji lenyewe lina watu wasiozidi milioni tatu. Hiyo ndiyo orodha iliyoanza kwa ahadi ya kuwatambua wachache.

Tena katika vigezo vyake, mtu aliyewahi kupigwa risasi aliongezewa alama. Kwa lugha ya takwimu ni sahihi, kwa sababu anayepigwa risasi leo yuko hatarini zaidi kesho, na mara nyingi waathirika na wahusika ni vijana wale wale wa mtandao ule ule. Lakini mnaona kinachotokea orodha hiyo ikikabidhiwa polisi. Hatari ya kuuawa inasomwa kama hatari ya kuua. Papachristos mwenyewe, ambaye utafiti wake juu ya mitandao ulitajwa sana katika habari hizo, aliandika gazetini mwaka 2016 akiwataka polisi wa Chicago waamue: wanawatazama watu hawa kama wakosaji, au kama watu wanaokaribia kuwa waathirika? Mkaguzi Mkuu wa jiji alipotoa ripoti yake Januari 2020, alikuta pia kwamba hesabu ilitumia rekodi za kukamatwa hata pale ambapo mtu hakutiwa hatiani. Wakati huo polisi walikuwa wameshaacha kuitumia orodha hiyo, tangu Novemba 2019.

Los Angeles nitakaa kidogo, kwa sababu inanifundisha zaidi. Mpango wao uliitwa LASER, ulianza mwaka 2011. Watu hudhani kuna akili mnemba ya ajabu ndani yake. Hamna. Ni kujumlisha tu, hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi angeimaliza. Uanachama wa genge, alama 5. Kuwa nje ya gereza kwa masharti, 5. Kuwahi kukamatwa na bastola, 5. Uhalifu wa kutumia nguvu katika rekodi, 5. Kisha alama 1 kwa kila mara mtu alipokutana na polisi na jambo hilo likaandikwa.

Hiyo alama ya mwisho ndiyo ninayotaka tuitazame. Maofisa mliopo mnaijua kadi ya mahojiano. Askari anamsimamisha kijana, anamuuliza anatoka wapi, anaandika jina, gari na wenzake waliokuwa naye, kisha anamwachia aende zake. Hakuna kosa, hakuna shtaka, hakuna hata onyo. Lakini alama imeongezeka. Kwa kuwa imeongezeka, jina limepanda. Kwa kuwa limepanda, askari wa zamu ya kesho ameelekezwa amtafute huyo huyo, naye atamsimamisha, ataandika, na alama itaongezeka tena. Baada ya miezi michache mna namba kubwa mbele ya jina, na mkubwa anayeisoma ofisini anadhani anasoma tabia ya kijana. Anasoma bidii ya askari wake mwenyewe. Nimefanya kazi na data za kila aina, na sijui kipimo kingine ambacho mpimaji anaongeza urefu wa kitu kwa kukipima mara nyingi.

Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa polisi wa Los Angeles ilipoifungua orodha hiyo mwaka 2019, ilikuta karibu nusu ya walioitwa wakosaji sugu walikuwa hawajawahi kukamatwa kwa uhalifu wa kutumia nguvu, au waliwahi mara moja tu. Mwezi uliofuata, Aprili, mpango ukafungwa.

Kuhusu Pasco, wilaya moja ya Florida, nitapita haraka, kwa sababu wengi mmesoma. Ofisi ya sherifu, yaani polisi wa wilaya hiyo, ilitengeneza orodha yake kwa kutumia historia za kukamatwa na taarifa za intelijensia, na kando yake ikawa na orodha ya watoto iliyochota maksi za shule, mahudhurio, hata kumbukumbu za mtoto kudhulumiwa nyumbani. Waandishi wa gazeti la Tampa Bay Times waliifichua mwaka 2020, na kazi hiyo ikapata tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer mwaka uliofuata. Karibu watu 1,000 walikuwa wamefuatwa majumbani katika miaka mitano, usiku na mchana, na familia zao zikiandikiwa makosa ya nyasi ndefu au sanduku la barua lisilo na namba ya nyumba. Mwishoni mwa mwaka 2024 ofisi hiyo ilimaliza kesi iliyofunguliwa dhidi yake kwa kukiri kwamba mpango ulivunja katiba. Ninawaomba tu mkumbuke kwamba kule hakukuwa na ubovu wa programu. Programu ilifanya ilichoambiwa. Amri ya kugonga mlango mara kwa mara ilitolewa na binadamu.

Sasa nifike nilikotaka kufika.

Tukijadili orodha hizi, hoja zote hujaa upande wa kuingia: vigezo gani, upendeleo gani, rangi gani, mtaa gani. Ni hoja za haki. Lakini orodha mbaya kuliko zote ni ile isiyo na mlango wa kutokea, hata kama ilikuwa sahihi siku ya kwanza. Kwa sababu uhalifu, kwa walio wengi, ni jambo la umri. Hupanda katika ujana, hufikia kilele miaka ya mwisho kabla ya 20 au mara baada yake, kisha huteremka. Watu huoa, huzaa, huchoka, huumia, hupata kazi. Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura walifuatilia watu waliokamatwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1980. Waliuliza: inachukua muda gani bila kukamatwa tena hadi hatari ya mtu huyo ilingane na ya watu wa kawaida wa umri wake? Kwa kijana aliyekamatwa akiwa na miaka 18 kwa kuvunja nyumba, jibu lilikuwa miaka 3.8. Kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, miaka 7.7. Najua hao ni wa mara ya kwanza, na kwa anayerudia muda utakuwa mrefu zaidi. Lakini una mwisho. Hesabu yenyewe inasema kwamba alama ya jana inapoteza maana kila mwaka unaopita, na mfumo usioipunguza unadanganya kwa takwimu zake wenyewe.

London ilikuwa na orodha ya watu wa magenge iliyoanzishwa mwaka 2012, baada ya ghasia za 2011. Oktoba 2017 ilikuwa na majina 3,806, na kwa mujibu wa Amnesty International asilimia 78 yao walikuwa weusi. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 12. Mwaka 2018 ofisi ya Kamishna wa Taarifa ya Uingereza, inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi za watu, iliichunguza. Kati ya yote waliyoyakuta, limenikaa moja. Katika baadhi ya maeneo ya jiji, watu walioondolewa kwenye orodha rasmi, kwa sababu taarifa zilionyesha hawamo tena katika genge, walikuwa wakiandikwa katika orodha nyingine isiyo rasmi, ya watu walioondolewa. Kutoka kukawa kuhamia daftari la pili.

Na madaftari hayakai sehemu moja. Orodha hiyo ilipelekwa kwa ofisi za serikali za mitaa na mashirika mengine. Mwaka 2017 halmashauri ya Newham, moja ya halmashauri za London, ilisambaza kwa barua pepe nakala yenye watu 203 bila kuficha majina, ikaishia mitandaoni, mikononi mwa wapinzani wao. Halmashauri ilitozwa faini ya pauni 145,000 mwaka 2019. Polisi wa London walikubali mwaka 2022 kwamba orodha iliendeshwa kinyume cha sheria, wakafuta majina zaidi ya 1,000, na mwaka 2024 wakaifunga. Lakini jina lililokwisha kufika kwenye simu za watu wanaotaka kukuua, nani analifuta?

Linganisheni na Boston. Mwaka 1996, mpango wa Ceasefire nao ulianza na majina: vijana wa magenge, wengi wao polisi waliwajua vizuri. Tofauti ni kwamba waliitwa, wakaketishwa chini mbele ya polisi, waendesha mashtaka, wachungaji na watu wa huduma za vijana, wakaambiwa kwa sauti: tunawajua, tunajua kwa nini mko hapa, risasi ikilia tutalishukia kundi zima, na anayetaka kutoka mlango huu hapa. Mauaji ya vijana kwa mwezi yalipungua kwa asilimia 63 katika kipindi kilichotathminiwa. Kuna wanaobishana juu ya kiasi gani cha hayo ni matunda ya mpango, maana mauaji yalikuwa yakipungua katika miji mingi wakati huo. Sawa. Mimi kinachonivutia ni muundo wake. Kijana alijua amo, alijua kwa nini, na alijua cha kufanya ili aachwe. Kati ya hayo matatu, aliye kwenye orodha ya kompyuta kwa kawaida hajui hata moja.

Nimewauliza maofisa, wa vyeo vya chini na vya juu, kwa nini majina hayatoki. Jibu huwa ni lile lile, na ni la kweli. Hakuna ofisa aliyewahi kuadhibiwa kwa kuliacha jina ndani. Lakini yule atakayetia saini kulifuta, na mtu huyo akaua wiki ijayo, gazeti litaitafuta saini hiyo. Mbele ya hatari ya namna hiyo, mtu mwenye akili timamu hatii saini. Siwalaumu. Ningekuwa mimi, nisingetia.

Ndiyo maana sipendekezi mafunzo ya maadili, wala kamati ya kupitia majina kila robo mwaka. Kamati itaogopa kama ofisa anavyoogopa. Napendekeza kalenda. Jina liingie kwa hukumu ya mahakama tu, si kwa kusimamishwa barabarani wala kwa kukamatwa kusikozaa shtaka. Siku linapoingia, lipewe tarehe ya kuanguka, kulingana na kosa na umri. Tarehe ikifika bila hukumu mpya, jina lianguke lenyewe bila saini ya mtu yeyote, na kila ofisi iliyopewa nakala ilazimike kuthibitisha kwa maandishi kwamba imeifuta. Anayetaka kulibakiza ndiye atakayetia saini, mbele ya hakimu, kwa sababu zinazoandikwa. Lawama ibadilishwe upande.

Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba, ambayo marufuku zake zilianza kufanya kazi tarehe 2 Februari 2025, imekataza kumpima mtu hatari ya kufanya uhalifu kwa kutegemea wasifu au tabia zake peke yake. Ni hatua nzuri. Ila jedwali la kujumlisha alama, kama lile la Los Angeles, huenda lisihesabiwe kabisa kuwa akili mnemba. Tukiiandika sheria yetu kwa kutaja mashine, tutaikosa penseli. Sheria iitaje orodha.

Najua swali linalokuja, nimeliona kwenye nyuso za waliokaa mstari wa mbele. Na yule ambaye jina lake limeanguka, kisha akaua? Itatokea. Katika mfumo wowote itatokea, kama inavyotokea leo kwa watu ambao hawajawahi kuwemo katika orodha yoyote. Atakamatwa, atashtakiwa, na akitiwa hatiani jina litaingia tena siku hiyo hiyo likiwa na tarehe mpya. Waziri akiuliza, idara itamwonyesha siku jina lilipotoka na kifungu cha sheria kilicholitoa. Jaribuni leo kumuuliza ofisa yeyote mwenye orodha kwa nini fulani, ambaye hajatenda kosa kwa miaka tisa, bado yumo.